Jina la Babu Jafari kwenye Waraka

Wenzangu wa ofisi ya walimu, mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja Kigoma kulikuwaje, nami nimekuwa nikijibu kwamba safari ilikuwa ndefu na samaki walikuwa watamu. Yote mawili ni kweli, ila siyo niliyoyaendea. Naandika hapa mara moja kwa wote, kwa sababu kila nikianza kusimulia kwa mdomo nafika stesheni ya Nguruka tu, sauti inakatika.

Mnajua nilikuwa nikiishi na Baba. Alikuwa na miaka themanini na sita, macho bado mazuri, miguu ndiyo iliyomgomea. Asubuhi moja baada ya chai aliniambia nizime redio, akanieleza jambo ambalo hata marehemu Mama hakulijua.

Baba alizaliwa Ujiji. Babu yangu, Habibu, alikuwa na duka la vitambaa pale, na mdogo wake, Babu Jafari, aliuza chumvi na mafuta ya taa mtaa wa pili. Babu Jafari alimwoa mwanamke wa Kimanyema wa hapohapo Ujiji, na sisi Wahindi wa ukoo wake tulilimeza hilo kwa shida. Miaka ya mwisho ya Mwingereza, serikali ilibadilisha utaratibu wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti viligawanywa kwa rangi, sawa kwa sawa: vya Waafrika, vya Wahindi na vya Wazungu. Mwenye haki ya kupiga kura alitakiwa achague watu watatu, mmoja wa kila rangi. Wahindi wakagawanyika. Wako waliosema viti vyetu ndiyo kinga yetu, vikiondolewa tumekwisha. Wako waliosema sisi tutaishi na kuzikwa hapa, basi tuingie kwenye orodha moja na wenzetu, anayechaguliwa achaguliwe kwa utu wake.

Babu Habibu alikuwa wa kundi la kwanza. Babu Jafari alikuwa wa kundi la pili, na waliokuwa wakidai uhuru walikutana uani kwake. Wafanyabiashara wa Kihindi wa pale wakaamua kumwandikia Gavana waraka, kumwomba viti vya Wahindi visiguswe. Baba, wakati huo kijana wa miaka kumi na tisa aliyetoka shule, ndiye aliyeuandika. Saini zilipokusanywa, ya Babu Jafari haikuwepo. Babu Habibu akasema waraka usio na jina la ndugu yake wa tumbo moja utachekwa, akamwamuru Baba aliandike.

"Nikaliandika," Baba aliniambia. "Kwa herufi za Kigujarati, kama alivyokuwa akiandika mwenyewe. Sikukataa hata kidogo."

Majina yalivuja mjini. Watu waliokuwa wakinywa kahawa uani kwa Babu Jafari walimwona ana nyuso mbili, wakamsusa, yeye na duka lake. Hakujitetea. Mwaka uliofuata Babu Habibu aliihamishia familia Dar es Salaam, na ndugu wale wawili hawakusemeshana tena mpaka wakafa.

"Alikuwa na binti, Zuhura," Baba alisema. "Kama yuko hai, mwambie ni mimi. Nenda kwa treni, ndivyo nilivyoondoka. Na usimpigie simu, hata ukiipata namba. Jambo hili linataka uso."

Dar es Salaam mpaka Tabora

Kwa ndege ni muda mfupi tu. Niliipanda treni kwa sababu Baba aliomba, na kwa sababu nilidhani muda tunao.

Kitanda cha chini yangu kilikuwa cha Mama Furaha, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyetoka Kariakoo kununua vitenge vya kwenda kuuza Kigoma. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo kabla hajazaliwa, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya ng'ambo ile. Mpaka tunafika Morogoro alikuwa ameshanilazimisha kula maandazi yake. Mpaka Dodoma alikuwa ameniuliza kila kitu kuhusu watoto wangu. Nilipoona nimeishiwa habari ndogo, nikamweleza kubwa, pamoja na sheria ile ya kura tatu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ule mutoto wa huyo babu yako, baba Muhindi, mama Mumanyema, yeye angekuwa wa kiti gani?"

Sijui kama Baba aliwahi kujiuliza.

Nguruka

Tuliiacha Tabora asubuhi ya siku ya pili, mvua ikinyesha. Nguruka tuliambiwa maji yamekula tuta la reli huko mbele na mafundi wako kazini. Walisema ni kazi ya saa tatu tu. Tulikaa siku nzima na nusu.

Mwanzoni ilikuwa kama sherehe. Akina mama wa pale walileta samaki wa mto Malagarasi waliokaangwa, ndizi za kuchemsha, asali kwenye chupa za maji. Mama Furaha alitandika kitenge chini ya mabati ya kituo akawa kama mwenyeji wangu. Siku ya pili watoto walianza kuharisha, maji ya kunywa yakawa ya kugombea, na watu waliokuwa wakitaniana wakanyamaza.

Nilimpigia Baba mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, akasema zamani pia treni ilikuwa ikilala njiani. Mara ya pili aliuliza, "Umeshamwona?"

"Bado, Baba. Tuko Nguruka."

"Nguruka," alirudia, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. "Basi ukimwona, usianze na waraka. Anza na salamu. Mama yake alikuwa akinipa sombe, kile kisamvu chao."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilimjibu kwamba mtandao unasumbua, nitampigia nikifika, kwa sababu Mama Furaha alikuwa ameniita chakula kinapoa.

Kigoma na Ujiji

Tuliingia Kigoma alasiri. Stesheni ipo chini karibu na bandari, na ziwa unaliona ukiwa bado unashusha mizigo. Mama Furaha aliagana nami kwa kunishika mikono yote miwili, akanielekeza nyumba ya wageni ya watu anaowaamini, nikalala kama gogo.

Asubuhi nilichukua bajaji mpaka Ujiji. Baba alikuwa amenichorea ramani: msikiti, kona, duka la Babu Habibu, kisha mtaa wa pili. Msikiti ulikuwepo na kona ilikuwepo. Kwenye duka la Babu Jafari, jengo la zamani la mlango mpana wa mbao, palikuwa na fundi cherehani, mzee mwembamba mwenye kanzu iliyopauka, akiweka zipu kwenye sare ya shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mama."

Nikajieleza vibaya. Hilo nalijua sasa. Nilisema hapa palikuwa kwa babu yangu, nimetoka Dar, namtafuta Bi Zuhura binti Jafari kwa jambo la kifamilia. Mkononi nilikuwa na ile ramani ya Baba, imekunjwa kwenye bahasha kubwa ya kahawia.

Fundi aliitazama bahasha. Aliitwa Mzee Rajabu, kama nilivyokuja kujua. Alisimamisha cherehani, akasema kwa upole kabisa, "Bi Zuhura alishahama. Yuko Mwandiga siku nyingi. Ukifika sokoni ulizia Mama Zuhura muuza mawese, kila mtu anamjua."

Nikamshukuru. Nilimshukuru sana, hata nikamwachia maandazi niliyobaki nayo ya safari.

Mwandiga

Mwandiga si mbali, ni hapo tu kwenye barabara inayotoka Kigoma, ila siku ile palikuwa na gulio na gari zilijaa magunia. Nilifika jua limepanda. Mama Zuhura muuza mawese kweli kila mtu alimjua. Hakuwepo, alikuwa shamba. Wanawe walinikalisha kwenye kigoda, wakanipa maji, wakanisihi nisubiri, mama hakawii.

Alikuja saa tisa, mwanamke wa makamo, Muha mtupu, ana jembe begani. "Mwidiwe," alinisalimu kwa Kiha, kisha akacheka kwa kuona sijui kuitika, akanisalimu upya kwa Kiswahili. Aliketi anisikilize. Nilimweleza habari ya Babu Jafari, waraka, Ujiji. Alinisikiliza kwa heshima kama unavyomsikiliza mgonjwa.

"Mama," alisema mwishowe, "mimi baba yangu ni Nyamoya, na hajawahi hata kukaa Ujiji. Waliokutuma kwangu hawakukutakia kufika."

Hakuniacha niondoke na njaa. Alipika ugali wa muhogo, samaki mkavu wa mgebuka kwa mawese mekundu, na alinimegea mwenyewe kipande cha mgongo. Nilikula huku machozi yananitoka, nikasingizia moshi. Wakati nanawa mikono simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu Karim, anayekaa nyumba ya pili na yetu kule Dar.

"Dada, Baba ameanguka. Upande mmoja umelegea. Anasikia, ila hawezi kusema."

Niliuliza saa ngapi. Akasema saa tano. Saa tano nilikuwa kwenye kigoda nikimsubiri Zuhura asiye wangu.

Kasingirima

Asubuhi iliyofuata nilirudi kwa fundi. Sikumsalimu. Nilimwambia baba yangu amepooza jana, aliyenituma kuomba radhi hawezi tena kusema, na yeye amenipotezea siku nzima.

Mzee Rajabu alivua miwani. "Radhi?"

"Radhi. Wewe ulidhani nini?"

Aliitazama bahasha, nami nikaelewa. Nikaifungua nikamwonyesha ile ramani, mistari ya kalamu ya mkono unaotetemeka.

"Nilidhani una karatasi za nyumba," alisema. "Kuna mmoja alikuja miaka ya nyuma, Mhindi kama wewe, akasema duka lile pale kona ni la babu yake. Wenye kuishi humo walitolewa na vyombo vyao. Bi Zuhura ananikodisha hapa kwa huruma tu. Nikasema akitolewa yeye, na mimi nimekwisha." Alifunika cherehani kwa kitambaa. "Nimekosea, mama. Twende, si mbali."

Tulitembea mpaka mtaa wa Kasingirima. Nyumba ilikuwa ndogo, ya tofali za udongo zilizopakwa chokaa, na mbele mwanamke mzee alikuwa akianika dagaa kwenye wavu. Alikuwa na ngozi ya Kimanyema na pua ya Baba. Niliiona ile pua nikasahau nilivyojipanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Aliendelea kutandaza dagaa. "Wewe ni wa Akbar."

Akbar ni Baba. Nikasema ndiyo. Alimwita Mzee Rajabu akamwambia akae, lakini fundi alisema ana kazi ya watu, akaondoka ameinamisha kichwa.

Shangazi Zuhura alinipa chai ya maziwa yenye tangawizi nyingi, kama ile ya nyumbani kwetu, nikajua nani alimfundisha. Nikaanza na salamu, kama nilivyoagizwa. Nikasema Baba anakumbuka sombe ya mama yake. Kisha nikasema lile la waraka. Nililisema lote, kwa haraka, nikitazama kikombe.

Aliokota dagaa mmoja aliyeanguka, akamrudisha kwenye wavu.

"Tulijua," alisema.

"Mlijua nini, shangazi?"

"Kwamba ni Akbar. Baba yangu alikwenda kwa karani mmoja rafiki yake akaonyeshwa nakala. Alirudi nyumbani akamwambia mama, mkono huu nimeushika mimi. Yeye ndiye aliyemfundisha Akbar kuandika Kigujarati, alikuwa akimweka mapajani dukani. Kuna herufi Akbar alikuwa akiikosea tangu mtoto, na kwenye waraka aliikosea vilevile."

Nilimuuliza kwa nini Babu Jafari hakusema. Mji mzima ulikuwa umemgeuka.

"Mama alimuuliza hivyohivyo kila siku. Akamjibu, nikisema si mimi, wataniuliza ni nani. Kughushi jina kwenye barua ya Gavana ni jela. Kijana ana maisha mbele." Alikunja ukingo wa khanga. "Basi sisi tukawa ndio nyuma."

Aliniambia yaliyofuata kama anavyosimulia habari za jirani. Wajomba zake, ndugu wa mama yake, waliacha kuja. Chumvi iliganda kwenye magunia. Siku ya kupiga kura Babu Jafari alivaa koti lake jeupe akaenda, na watu wa mstari walimpisha nafasi mbele na nyuma kama mtu mwenye ndui. Alirudi akakaa uani peke yake na vikombe vya kahawa vimepangwa. Uhuru ulipokuja alikwenda kwenye sherehe akasimama mbali. Hakuishi sana baada ya hapo. Zuhura aliacha shule akiwa darasa la tano, akaingia kwenye mawese na mama yake.

"Nilipenda hesabu," alisema. Mimi, kama mjuavyo, nafundisha hesabu. Sikumwambia.

Nikampigia Karim. Nikamwomba aweke simu kwenye sikio la Baba, nikampa shangazi simu yangu. Aliishika kwa mikono miwili, akasema "Akbar," kisha akaanza kuzungumza Kikachi, lugha ya babu zetu. Mimi Kikachi changu ni cha kusalimia na kuomba chai. Alikizungumza polepole, akitafuta maneno, maana hakuwa na wa kuzungumza naye tangu baba yake afe. Akanyanyuka akaingia ndani, pazia likaanguka nyuma yake. Nilisikia sauti yake kwa muda mrefu, wala haikupanda.

Alipotoka alinirudishia simu. "Imekata," alisema.

Vocha ilikuwa imeisha. Nilikimbia kibandani nikaweka nyingine, nikapiga. Karim alikuwa analia. Alisema Baba alitiririkwa na machozi muda wote, na sasa amelala, uso wake mwepesi, tusimwamshe.

"Basi kesho," shangazi alisema. "Kesho tutaendelea."

Alasiri alinipeleka makaburini. La Babu Jafari lina mawe matatu na halina jina. Nilisoma Fatiha, naye alisimama pembeni akitoa majani makavu kwa vidole vya mguu.

Kesho yake Baba hakuamka. Keshokutwa yake, wakati wa adhuhuri, alifariki.

Kurudi

Ndege ya siku ile ilikuwa imejaa. Karim aliniuliza wangoje au wazike, nikamwambia wazike. Nilikaa na shangazi kwenye mkeka wake mpaka ujumbe ukaja kwamba wameshamaliza. Majirani walikuja, Mzee Rajabu alikuja, Mama Furaha alipata habari akaja kutoka Kigoma na sufuria ya wali. Watu wasiomjua Baba walimwombea dua Ujiji, na wengi wao babu zao ndio waliokuwa wakinywa kahawa uani kwa Babu Jafari.

Niliondoka siku iliyofuata. Mawingu yalifunika chini, na kabla sijamaliza juisi niliyopewa, tukaambiwa tufunge mikanda.

Kwenye hitma nilisimama upande wa wanawake nikawaambia ndugu wote yaliyotokea. Nilisema Baba alibeba kosa lake zaidi ya miaka sitini, na kwamba siku mbili kabla ya kufa alisamehewa kwa lugha ya mama yake. Shangazi zangu wa Dar walilia. Karim alinikumbatia. Alisema sasa anaweza kulala.

Wiki mbili baadaye nilimpigia Shangazi Zuhura kumjulia hali. Tuliongea habari za mvua, za dagaa waliooza kwa kukosa jua, za cherehani la Mzee Rajabu. Kisha nikamshukuru kwa kumsamehe Baba.

Alikaa kimya, nikadhani mtandao.

"Uko hapo, shangazi?"

"Nipo." Nilimsikia akivuta kigoda. "Mwanangu, nitakwambia kweli kwa sababu ulikuja mpaka kwangu. Nilimweleza Akbar yote kwanza. Koti la baba, mstari wa kura, mama, shule. Nilitaka ajue anasamehewa nini. Nilimweleza yote, sikuacha kitu. Nilipofika sasa kwenye lile neno lenyewe, simu ikakata."

"Ndiyo maana ulisema kesho."

"Ndiyo maana nilisema kesho."

Nikamuuliza, maana nilihitaji kujua, kama angelisema kweli.

"Ningelisema. Nimelisema tangu siku ile kila ninaposwali. Ila yeye hakulisikia kwangu. Alisikia yale mengine tu."

Karim sijamwambia mpaka leo. Ninyi mmekuwa wa kwanza.